Madebe Thelathini ya Nyati

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanajenga nyumba zenye milango na kupika uji asubuhi, kulikuwa na kilima kimoja kirefu kilichoitwa Mporomoko. Chini ya kilima hicho palikuwa na chemchemi moja. Moja tu, watoto. Wengine husimulia kwamba zilikuwa mbili, lakini zingekuwa mbili hadithi hii isingekuwapo.

Kila kiangazi kilipokaribia, wanyama walishindana kwa vigari. Kila nyumba iliunda kigari chake cha mbao: magurudumu manne, kiti kimoja, breki, na kamba ya kukatia kona. Vigari vilipangwa mstari mmoja juu ya kilima. Mbuni akapuliza filimbi, priii! Navyo vikateremka gudugudugudu mpaka chini.

Mshindi hakupewa kikombe. Hakupewa ngoma wala mbuzi. Alipewa nafasi kwenye foleni ya maji. Aliyefika wa kwanza, nyumba yake ilichota maji ya kwanza kila asubuhi, kiangazi kizima. Aliyefika wa pili alichota wa pili. Aliyefika wa mwisho alisubiri mpaka wote waondoke.

Na wa kwanza alikuwa nani? Nyati. Miaka mitatu mfululizo alikuwa Nyati.

Basi Nyati hachoti maji kama wengine. Nyati huingia mwenyewe, miguu yote minne. Chubwi! Anaosha pembe. Anasukutua. Anajigeuza huku na huku, ubavu huu na ubavu ule, huku akiimba. Akitoka, chemchemi nzima ni tope.

Na wa mwisho alikuwa nani? Pimbi, yule mnyama mdogo wa kwenye mawe, mwenye masikio mafupi na macho makali. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu. Alichuja lile tope kwa kitambaa mara tatu, na bado uji wake ulikuwa na rangi ya ukuta. Kitinda mimba wake aliumwa tumbo kiangazi chote.

Msidhani Pimbi alikuwa dereva mbaya. La! Hakuna aliyekata kona kama yeye. Tatizo lilikuwa kwenye kanuni.

Kanuni za mashindano zilikuwa nne, nami nitazitaja zote. Magurudumu yawe ya mbao. Asiondoke mtu kabla ya filimbi. Asishuke mtu kwenye kigari kabla ya mstari wa mwisho. Na ya nne: asimsukume mtu mwenzake nje ya njia kwa makusudi. Atakayevunja kanuni yoyote atabeba madebe kumi ya mchanga kutoka mtoni na kuyamwaga palepale alipokosea, ili njia itengenezwe.

Mwaka uliotangulia, Pimbi alikuwa ameongoza tangu filimbi. Alifika Kona ya Mchongoma akiwa mbele kabisa, watoto wake wakishangilia kule chini. Nyuma yake alisikia gudugudugudu, na sauti nzito:

“Pisha, kadudu wewe!”

“Njia ni pana, mzee Nyati! Pita!”

“Sipiti pembeni mimi. Napita katikati!”

Paa! Kigari cha Pimbi kiliruka juu, kikapinduka mara mbili, kikatua ndani ya mchongoma. Alipomaliza kujichomoa miiba, vigari vyote vilikuwa vimeshafika chini.

Mbuni alikuwa mwamuzi. Shingo yake ndefu iliona kilima chote, na kanuni alizijua kwa kichwa. Hakupendelea mtu, na jambo hilo alilisema mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

“Nyati,” alisema, “nimeona. Umemsukuma Pimbi.”

“Ndiyo, nimemsukuma.”

“Kwa makusudi?”

“Kwa makusudi kabisa. Kwani mimi kipofu?”

“Basi madebe kumi.”

“Kumi tu?” Nyati alicheka mpaka mkia ukacheza. “Nilidhani utasema jambo kubwa!”

Kesho yake alibeba madebe matano kwa mkupuo mmoja, matano kwa mkupuo wa pili. Alirudi nyumbani uji wake ukiwa bado unatoa mvuke. Halafu akaenda kuoga kwenye chemchemi, wa kwanza, kama kawaida.

Pimbi alimfuata Mbuni.

“Bwana mwamuzi, hivi hiyo ni haki?”

“Ni haki kamili,” alisema Mbuni. “Madebe kumi kwa Nyati, kumi kwa Ngiri, kumi kwa kila mtu. Adhabu ni moja.”

“Marehemu mume wangu aliwahi kuondoka kabla ya filimbi. Unakumbuka?”

“Nakumbuka. Aliwahi kwa pua tu, lakini aliwahi.”

“Alibeba mchanga kwa kifuu cha nazi, maana debe lilimshinda. Alianza kabla ya mvua, akamaliza mvua zimekwisha.”

“Na yalikuwa madebe kumi,” alisema Mbuni. “Niliyapima mwenyewe. Hayakupungua wala hayakuzidi.”

“Na yeye alifika wa mwisho. Nyati kavunja kanuni na bado wa kwanza.”

“Nyati amepewa adhabu yake, ameitumikia. Unataka nini zaidi?”

Pimbi alimtazama juu, juu, juu mpaka akafika kwenye kichwa chake. “Nataka maji safi,” alisema. Akaondoka.

Basi ukapita mwaka mzima wa tope. Mashindano yalipokaribia tena, jirani yake Ngiri alimkuta ameketi juu ya jiwe, kidevu mkononi.

“Jirani, usihuzunike,” alisema Ngiri. “Mwaka huu msukume wewe kwanza!”

“Nimsukume Nyati? Nimsukume na nini, Ngiri? Na kikohozi?”

“Hmm. Basi tumsukume wote wawili.”

“Tutatoka hapo tumekuwa chapati.”

“Basi tufanyeje?”

Pimbi aliinua kidevu. Alikuwa anatazama mbali, kule Kona ya Mchongoma, ambako mchanga wa mwaka jana ulikuwa umeshindiliwa na mvua ukawa mgumu kama sakafu. Alitazama kwa muda mrefu. Halafu masikio yake mafupi yakasimama.

“Ngiri,” alisema, “nitakwenda kumsalimia mzee Nyati.”

“Kumsalimia? Umeugua?”

Alimkuta Nyati mbele ya nyumba yake, akipaka mafuta ekseli za kigari chake.

“Shikamoo, mzee Nyati.”

“Marahaba. Umekuja kuomba nisikusukume? Umepoteza safari.”

“Aa, sikuja kwa hilo. Kusukuma ndiko unakokuweza, nami nimezoea kusukumwa. Nimekuja kwa sababu nakuonea huruma.”

“Wewe? Unionee huruma mimi?”

“Mzee, fikiria. Kila mwaka unashinda. Siku ya pili wenzako wamelala, wanakula vizuri, na wewe bingwa uko mtoni na madebe kama kibarua. Wapitaji wanakuona. Wanasema, ‘Kumbe huyu ndiye mshindi?’ Mimi najisikia vibaya kwa niaba yako.”

Nyati aliacha kupaka mafuta. “Nani kasema hivyo?”

“Si vizuri kutaja majina. Lakini ingekuwa mimi, ningebeba mchanga wangu mapema. Nimalize adhabu kabla ya mashindano. Siku hiyo namsukuma ninayemtaka, na ushindi wangu hauna doa. Kesho yake nakwenda kuoga tu.”

Nyati alifikiri. Kufikiri kwake kulichukua muda, na puani kulisikika fuu, fuu, fuu.

“Adhabu kabla ya kosa,” alisema polepole. “Lo! Hata mimi nisingewaza hivyo.” Kisha akamkazia macho. “Na wewe unapata nini?”

“Nitajua mapema nitasukumiwa wapi. Nitavaa nguo nzito. Miiba ya mwaka jana iliniuma wiki tatu, mzee.”

“Ha! Ha! Haa!” Nyati alicheka akapiga kwato chini, kishindo hicho! “Pimbi, una akili. Kadogo, lakini una akili!”

Wakaenda wote wawili kwa Mbuni. Mbuni alisikiliza, akafumba macho, akapitia kanuni zote nne kichwani, kwenda na kurudi.

“Kanuni inasema madebe kumi,” alisema. “Inasema kutoka mtoni. Inasema yamwagwe palepale pa kosa. Haisemi lini.”

“Kwa hiyo?” aliuliza Nyati.

“Kwa hiyo inaruhusiwa.”

“Lakini palepale pa kosa,” alisema Pimbi kwa unyenyekevu. “Naomba hilo lifuatwe, bwana mwamuzi, ili nami nijue mahali.”

“Lazima lifuatwe,” alisema Mbuni, akionekana kukasirika kwamba mtu angeweza kufikiri vinginevyo. “Nyati, utakosea wapi?”

“Kona ya Mchongoma. Hapo ndipo pananoga.”

“Na utamsukuma nani?”

“Pimbi!” alisema Nyati. Halafu akalamba midomo. “Na Ngiri pia, ana domo refu. Na mmoja wa akiba, nitakayemwona siku hiyo.”

“Makosa matatu. Madebe thelathini.”

“Niongezee na kosa la nne!”

“Thelathini yanatosha, mzee,” alisema Pimbi haraka. “Usijichoshe.”

Zilikuwa zimebaki siku mbili. Jua lilikuwa kali, mto ulikuwa umekauka pande zote, na mchanga wake ulikuwa mlaini kama unga wa muhogo. Nyati alibeba. Matano, matano, matano tena. Alimwaga kwenye kona, shwaaa! Alirudi mtoni. Mbuni alisimama pale akihesabu, na kila debe lililopungua kidogo alilirudisha.

Mke wa Nyati alikuja kumtazama, mikono kiunoni.

“Baba Ndama, kazi gani hii?”

“Natumikia adhabu, mke wangu.”

“Umefanya nini tena?”

“Bado sijafanya. Nitafanya kesho kutwa.”

Mama Ndama alimtazama mumewe, akautazama mchanga, akamtazama Pimbi aliyekuwa ameketi kivulini akishona koti zito. Aliguna tu, mmh, akarudi nyumbani kwake.

Jioni ile Pimbi aliweka koti pembeni, akaingia uani kwake. Akang'oa magurudumu ya kigari chake, yale membamba, akaunda mengine kwa mti mwepesi. Yalikuwa mapana. Mapana hasa!

“He! Magurudumu gani hayo?” Ngiri aliuliza juu ya ua. “Unakwenda mashindanoni au unakwenda kuuza maandazi? Hayo si ni masinia?”

“Ni ya mbao, Ngiri. Kanuni inataka mbao.”

“Utachelewa nayo!”

“Nitachelewa kidogo. Na wewe ukifika Kona ya Mchongoma, pita ukingoni kabisa, hata kama kigari kitakwaruza miiba. Waambie na wengine.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu jirani yako amekuomba.”

Siku ikafika. Vigari sita vilipangwa juu ya Mporomoko. Cha Nyati kilikuwa kikubwa kama kitanda cha bwana harusi, na magurudumu yake yalikuwa membamba na makali, yamepakwa mafuta mpaka yakang'aa. Pimbi aliketi kwenye kigari chake kidogo ndani ya lile koti zito, yakionekana pua na macho tu. Kule chini watoto wake watatu walikuwa wameshika kibuyu kitupu.

“Umevaa vizuri!” Nyati alimwita.

“Nimevaa, mzee!”

“Usiogope. Nitakusukuma mara moja tu!”

Priii!

Gudugudugudugudu! Vumbi likapaa. Mwanzoni Nyati alikuwa mbele, halafu akakumbuka kwamba mtu wa kusukumwa lazima awe mbele yako. Akavuta breki, krrrr! Pimbi akapita, magurudumu yake mapana yakigonga tapa-tapa-tapa kama kandambili.

“Nenda, nenda!” alisema Nyati akicheka. “Tangulia kwenye miiba yako!”

Kona ya Mchongoma hiyo ikaja. Pimbi aliona mchanga mbele yake, mweupe, umejaa njia nzima ila ukingoni. Hakukwepa. Alivuta kamba, akainamia upande, akaingia katikati.

Swaaaa.

Magurudumu yale mapana yalielea juu ya mchanga. Kigari kilipunguza mwendo, kikayumba, kikapunguza tena mpaka Pimbi akashika roho mkononi. Kama kingesimama pale, Nyati angemkanyaga kama andazi. Akajisogeza mbele, akajisogeza mbele tena kwa makalio, “Twende, mama, twende!” na kigari kikasonga pole, kikasonga, kikatoka upande wa pili. Gudugudugudu!

“Sasaaa!” Nyati alinguruma nyuma yake, akashusha kichwa, pembe mbele, akaingia kwenye kona kwa kasi yake yote.

Tifuuu!

Magurudumu membamba yalizama. Yalizama mpaka kwenye ekseli, na ekseli nazo zikazama. Kigari kilisimama ghafla, Nyati akagonga pua kwenye ubao wa mbele. Vumbi likatua kichwani pake taratibu.

Akajitikisa. Kigari kikashuka zaidi. Akajitikisa kwa nguvu. Ka! Ekseli ikavunjika.

“Pimbi!” alipiga kelele. “Rudi hapa! Nimekubebea mchanga! Nina haki ya kukusukuma!”

Ngiri akapita ukingoni, miiba ikikwaruza, kwarakwara.

“Na wewe Ngiri! Simama! Wewe pia nimekubebea!”

“Samahani, mzee, nina haraka!” alisema Ngiri, na domo lake refu lilikuwa limejaa kicheko.

Wa tatu akapita. Wa nne. Wa tano.

“Mmoja wenu ni wangu!” Nyati alilia. “Yeyote! Hata mmoja! Mwamuzi! Mwamuziii!”

Mbuni alikuja akikimbia kwa miguu yake mirefu, akasimama ukingoni.

“Mwamuzi, nimebeba madebe thelathini! Sijasukuma hata mtu mmoja!”

“Ni kweli,” alisema Mbuni. “Adhabu ya makosa matatu umeimaliza. Msukume yeyote utakayemfikia.”

“Siwezi kumfikia mtu! Nishuke nikivute kigari?”

“Ukishuka umetoka mashindanoni. Kanuni ya tatu.”

“Basi nirudishiwe mchanga wangu!”

Mbuni alitazama chini. “Mchanga wako huu hapa, Nyati. Umeukalia.”

Kule chini palilipuka vigelegele. Pimbi alikuwa wa kwanza kuvuka mstari, koti limefunguka, watoto wake wamemrukia shingoni wote watatu na kibuyu chao.

Nyati aliposhuka kilima kwa miguu, mchanga ukimwagika masikioni, alimwelekezea Pimbi pembe zake.

“Huyu kanidanganya! Naye aadhibiwe!”

Mbuni alifumba macho. Alipitia kanuni zote nne, akazirudia. Wanyama wote walisubiri. Kicheko kilikwisha.

“Magurudumu yake ni ya mbao,” alisema hatimaye. “Hakuondoka kabla ya filimbi. Hakushuka. Hakumsukuma mtu. Pimbi, hebu niambie. Ulijua mchanga usioshindiliwa utamzamisha?”

“Nilijua, bwana mwamuzi.”

“Kwa makusudi?”

“Kwa makusudi kabisa. Lakini sikubeba hata punje moja. Aliyebeba ni yeye, kwa sababu alikwisha kuamua kuniumiza. Angeahirisha uamuzi huo, njia ingekuwa ngumu kama kila mwaka, na pengine angenishinda.”

Shingo ndefu ya Mbuni, ambayo hakuna aliyewahi kuiona imeinama, iliinama kidogo.

“Miaka yote hii,” alisema, “nimepima madebe. Sikupima kitu kingine. Nilisema adhabu ni moja kwa wote, na kumbe mmoja aliimaliza kabla uji haujapoa, mwingine aliibeba msimu mzima kwa kifuu. Na mshindi aliyekosea alibaki na maji.” Akakohoa. “Kuanzia leo, atakayemsukuma mwenzake kwa makusudi hatabeba mchanga. Ataondolewa kwenye nafasi aliyofika, atakaa mwisho wa foleni.”

“Kwa wote?” aliuliza Nyati.

“Kwa wote.”

“Hata mimi?”

“Hasa wewe,” alisema Mama Ndama kutoka nyuma ya umati, na vicheko vikaanza upya.

Asubuhi iliyofuata Pimbi alichota maji wa kwanza. Aliinama ukingoni, akajaza kibuyu taratibu bila kugusa chini, akaondoka. Ngiri akachota. Wengine watatu wakachota, kila mmoja kwa adabu, maana walijua kuna mwenzao nyuma. Mwisho kabisa akaja Nyati, ameinamisha kichwa, amejiandaa kunywa tope.

Akatazama ndani. Akatazama tena. Maji yalikuwa safi mpaka kokoto za chini zilionekana moja moja.

“Ajabu,” alisema Nyati. Akanywa, polepole, akiwa amesimama nje.

Na fundisho lake, watoto wangu, ni hili: adhabu inayomwachia mkosaji alichokipata kwa kosa lake si adhabu, ni ruhusa.